Muulize Mwalimu: Wafalme, mipira ya manyoya na kizingiti cha Amboise

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu tenisi. Nilisema kwamba mchezo wa Wimbledon ni mjukuu wa mchezo wa zamani wa makabaila wa Ulaya, na kwamba babu yake huyo aliwahi kuua wafalme. Nikadhani nimemaliza, nikahamia kwenye jibu la msomaji aliyeuliza kuhusu karafuu. Kumbe nimechokoza nyuki. Mhariri amenikabidhi rundo la ujumbe, mwingine wa salamu, mwingine wa kunibishia. Karafuu zitasubiri.

Shikamoo Mwalimu. Nilisoma ile safu yako kwa sauti barazani, wenzangu wakacheka wakasema Mwalimu anatia chumvi. Kijimpira kile kinamuuaje mfalme? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu. Waambie hao wa barazani waagize kahawa nyingine, maana maiti si mmoja.

Wa kwanza ni Louis wa Kumi wa Ufaransa. Enzi zake raketi hazikuwepo. Mpira ulipigwa kwa kiganja, na Wafaransa waliuita *jeu de paume*, yaani mchezo wa kiganja. Watawa waliucheza katika nyua za monasteri, mpira ukigonga kuta na kuteleza juu ya mapaa ya baraza, kisha wakubwa wakaupenda wakajijengea kumbi zao. Louis alikuwa mmoja wa waliopagawa nao. Mwaka 1316, akiwa Vincennes karibu na Paris, alicheza mpaka akachoka hoi, jasho linamtoka, akaenda kunywa divai baridi kwa fujo. Akaugua. Tarehe 5 Juni akafa, umri wake miaka 26. Watu wakanong'ona kwamba ametiwa sumu, lakini maelezo ya ugonjwa wenyewe yanaelekea zaidi kwenye kichomi.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nimfundishe Louis huyu kwa miaka mingi, ingawa mtaala haukumjali. Alimwacha mke mjamzito. Mtoto wa kiume akazaliwa Novemba, akaitwa Jean wa Kwanza, mfalme tangu anatoka tumboni, na akaishi siku 5 tu. Baba mdogo, Philippe, akachukua kiti. Binti wa Louis akasukumwa kando, na tangu hapo Ufaransa ikashikilia kwamba mwanamke hatawali. Mwaka 1337, wakati Mwingereza anadai kiti hichohicho kupitia kwa mama yake, hoja hiyo ya mwanamke ilikuwa katikati ya ugomvi, na vita vilivyoanza hapo ndivyo tunavyoviita Vita vya Miaka Mia. Sisemi kwamba divai ya Vincennes ndiyo iliyovileta. Lakini mwanafunzi angeniandikia hivyo kwenye mtihani, nisingemnyima alama zote.

Wa pili ni James wa Kwanza wa Scotland, na huyu hakufa kwa kucheza bali kwa kupoteza mipira. Februari 1437 alikuwa amelala katika nyumba ya watawa wa Kidominika mjini Perth. Usiku wa tarehe 20 wauaji wakaja, kundi la makabaila wenye chuki naye. Mfalme akasikia vishindo na kelele za silaha, akachukua koleo la mekoni mwa chumba, akang'oa mbao za sakafu, akajitosa chini kwenye mfereji wa maji machafu. Mfereji ule ulikuwa na tundu la kutokea nje. Siku 3 kabla, yeye mwenyewe aliamuru tundu lile lizibwe kwa mawe, kwa sababu kila akicheza mpira wa kiganja uani, mipira ilikuwa ikiingia humo na kupotea. Walimkuta humohumo, wakammaliza kwa visu na panga.

Wa tatu ndiye ninayempenda kuliko wote, Mungu anisamehe. Tarehe 7 Aprili 1498, Charles wa Nane wa Ufaransa alimshika mkono malkia wake katika kasri la Amboise, wakatazame watu wanaocheza mpira chini kwenye handaki la ngome. Njia ilipita kwenye varanda moja chakavu. Philippe de Commynes, mwandishi aliyewajua wakubwa hawa kwa karibu, anasema palikuwa mahali pachafu kuliko pote katika kasri, kila mtu akijisaidia haja ndogo hapo. Mlangoni mfalme akajigonga paji la uso kwenye kizingiti cha juu. Na Commynes haachi kututajia kwamba mfalme huyu alikuwa mfupi! Akafika, akatazama mchezo, akaongea na watu kama kawaida. Ghafla akaanguka. Wakamlaza palepale varandani, juu ya godoro la majani makavu, mfalme wa Ufaransa, kwa muda wa saa 9 hivi, mpaka akakata roho usiku. Alikuwa na miaka 27. Watoto wake wote walikuwa wametangulia, kwa hiyo ufalme ukamwendea ndugu yake wa mbali, Louis wa Kumi na Mbili, aliyemrithi pia mjane kwa ndoa.

Yupo wa nne ambaye hakuwahi kutawala. Agosti 1536, François, mwana mkubwa wa Mfalme François wa Kwanza, kijana wa miaka 18, alicheza mpira mjini Lyon wakati wa joto kali, akaomba maji ya baridi. Kikombe alikileta Mtaliano mmoja wa nyumbani mwake, Sebastiano de Montecuccoli. Kijana akaugua, akafa tarehe 10 Agosti huko Tournon. Montecuccoli akateswa, akakiri kutia sumu, kisha akayakana maneno yake. Haikumsaidia. Oktoba ya mwaka huohuo alifungwa kwa farasi 4 pale Lyon, wakavuta kila mmoja upande wake. Urithi ukahamia kwa mdogo wake marehemu, Henri, ambaye mkewe alikuwa Catherine de' Medici. Bila kikombe kile Catherine angebaki mke wa mwanamfalme wa pili, na historia ya Ufaransa ya miaka 50 iliyofuata ingesomeka vingine kabisa.

Kwa hiyo barazani wajibu hivi: mpira wenyewe haukumgusa hata mmoja. Waliuawa na kinywaji baridi, mfereji na mlango. Na farasi, kwa yule maskini aliyeleta maji.

Mwalimu, mwanangu anajifunza tenisi shuleni na ananiuliza kila jioni: kwa nini wanahesabu 15, 30, halafu 40? Kwa nini si 1, 2, 3? Nimechoka kumwambia "ndivyo ilivyo". (Mama wa watoto wawili, Nairobi)

Mama, mwambie kwamba zamani haikuwa 40. Ilikuwa 45, na shahidi wetu ni mfungwa wa vita.

Charles, Duke wa Orléans, alikamatwa na Waingereza katika vita vya Agincourt mwaka 1415, wakamweka Uingereza miaka 25. Mtu wa damu ya kifalme hakufungwa kwa minyororo. Alihamishwa kasri hadi kasri, akaandika mashairi. Katika shairi mojawapo anasema amecheza mpira wa kiganja na Umri, kwa muda mrefu, na sasa ana arobaini na tano. Alizaliwa mwaka 1394. Hesabu mwenyewe ni mwaka gani alipofika hapo. Shairi lote ni mchezo wa maneno juu ya uzee na hesabu ya uwanjani, na lisingechekesha mtu kama wasomaji wake wasingeijua ile 15, 30, 45.

Ushahidi mwingine ni mzuri zaidi kwa sababu una raketi ndani yake. Januari 1506 dhoruba ilizisukuma pwani ya Uingereza meli za Philip, mfalme wa Castile, na Henry wa Saba akampokea Windsor kwa shangwe (na kwa mikataba ya kibiashara, hakuwa mtu wa kupoteza nafasi). Wakacheza. Philip alikuwa na raketi, mpinzani wake Marquess wa Dorset alitumia mkono mtupu. Kwa kuwa raketi inampa mtu nguvu, Philip akampa mwenzake 15 za bure kabla hawajaanza. Ungwana huo tunausoma katika kumbukumbu ya ziara yenyewe. Miezi michache baadaye, Septemba, Philip huyuhuyu alicheza mpira huko Burgos, akanywa maji baridi, akashikwa na homa, akafa akiwa na miaka 28. Msomaji wa Tanga, mwongeze kwenye orodha yako.

Sasa, kwa nini 15? Utasikia watu wakisema ni uso wa saa, mshale ukizunguka robo kwa robo. Mimi sinunui hiyo. Wakati Charles wa Orléans anaandika, saa za minarani zilikuwa na mshale mmoja wa saa, dakika hakuna aliyezihesabu. Mtaalamu wa Kijerumani Heiner Gillmeister anaelekeza kwenye kamari: Ufaransa kulikuwa na sarafu yenye thamani ya dinari 15, na watu hawa hawakucheza bila kuweka dau. Ukishinda mpira mmoja, sarafu moja, 15. Wa pili, 30. Hii inaniingia akilini, kwa sababu popote unapokuta tenisi ya zamani unakuta pesa chini ya wavu. Neno 45 likafupishwa midomoni kuwa 40, kama sisi tunavyokata maneno tukiwa na haraka.

Mwanao akiuliza swali jingine baada ya hili, mtume dukani.

Mwalimu, mipira yao ilitengenezwa kwa nini hasa, kama raba haikuwepo? Na huo uwanja ulikuwaje? (Fundi viatu, Mombasa)

Fundi, swali lako limenifurahisha kuliko yote, nami nitakujibu kwa kirefu kwa sababu kazi hii nimeiona kwa macho.

Anza na malalamiko. Mwaka 1480 Louis wa Kumi na Moja wa Ufaransa alitoa amri kwa watengenezaji: mpira ufunikwe kwa ngozi nzuri, ujazwe sufu safi, na ni marufuku kuweka mchanga, chokaa, majivu, unga wa mbao au pumba. Unaelewa maana yake. Kulikuwa na mafundi wanajaza mchanga, mpira unakuwa kama jiwe, unamvunja mtu kidole au kumtoa jicho. Bidhaa feki hazikuanza jana.

Uingereza walijaza nywele. Miaka ya 1920 mafundi waliokuwa wakikarabati paa la Westminster Hall mjini London walikuta mipira ya kale imekwama kule juu kwenye mbao, ngozi nje, ndani nywele za mbwa zilizoshindiliwa. Mtu aliipiga, ikaenda juu, haikurudi kwa miaka 400. Shakespeare anatania katika tamthilia yake moja kwamba ndevu za bwana fulani aliyenyoa zimeshatumika kujazia mipira ya tenisi.

Sasa nilichokiona. Binti yangu anaishi London, na nilipokwenda kumtazama nilimwomba anipeleke kasri la Hampton Court. Yeye alitaka kunionyesha bustani. Mimi nilitaka ukumbi wa tenisi. Kardinali Wolsey na baada yake Henry wa Nane walikuwa na kumbi zao hapo, lakini unaosimama leo ni wa miaka ya 1620, na bado unachezewa. Ukiingia unafikiri umeingia ghala. Kuta ndefu, madirisha juu, na pande tatu kuna paa la mbao lililoinama, kama kibaraza cha duka la zamani kilichojengwa ndani ya nyumba. Anayeanza mchezo lazima aupige mpira juu ya paa hilo, uviringike, uanguke upande wa pili. Wavu umelegea katikati na kupanda pembeni. Ukuta mmoja una kona iliyochomoza, mpira ukiigonga unakwenda usikotarajia. Nyuma ya mchezaji kuna uwazi mpana wenye wavu, na watazamaji tunakaa humo. Mpira ulipokuja kugonga wavu mbele ya pua yangu niliruka, binti yangu akacheka mpaka akajishika tumbo.

Pembeni kuna karakana ndogo ya mwalimu wa mchezo. Ndiye anayetengeneza mipira, kwa mkono, mpaka leo. Anachukua kipande cha kizibo, kile cha gome la mti, anakizungushia utepe wa kitambaa, tabaka juu ya tabaka, anakaza kwa uzi, anagonga kwa nyundo akizungusha ili upate umbo la duara. Halafu anafunika kwa kitambaa kizito cha sufu, vipande viwili, na kushona mshono ambao wewe fundi ungeutambua mara moja: sindano inapita chini, uzi unavutwa mpaka kingo zinakutana, hakuna kinachochomoza. Nikaushika. Ni mdogo kuliko wa Wimbledon lakini mzito zaidi, na mgumu. Haurukiruki. Unadunda chini, ndiyo maana raketi zao kichwa kimepinda kidogo upande mmoja, ili uweze kuuzoa karibu na sakafu.

Kanuni moja nikupe, nyingine zote nitaziacha. Mpira uliopiga ukidunda mara ya pili upande wa mpinzani, hushindi pointi papo hapo. Panawekwa alama mahali ulipodundia. Baadaye mnabadilishana pande, na mpinzani sasa ndiye mwenye kazi: lazima apige mpira ambao mdundo wake wa pili utakuwa karibu zaidi na ukuta wa nyuma kuliko alama ile. Yaani ni deni, linalipwa baadaye. Niliketi pale nikaangalia wazee wawili wakibishana kuhusu alama moja, kwa upole kabisa, kwa muda mrefu kuliko walivyocheza.

Raketi zenyewe zilienea mwanzoni mwa karne ya 16, nyuzi zake za utumbo wa kondoo. Si wote walioshangilia. Erasmus, yule msomi wa Rotterdam, aliandika mazungumzo ya wanafunzi wanaojiandaa kucheza. Mmoja anasema tukitumia raketi tutatoka jasho kidogo. Mwenzake anamjibu: nyavu tuwaachie wavuvi, kiganja kinapendeza zaidi.

Je, wanawake walicheza, au walikaa kushangilia tu? (Mwanachuo, Morogoro)

Kwa wakubwa, nyingi ya habari tulizonazo ni za wanawake kwenye viti. Anne Boleyn anasemekana alikuwa akitazama tenisi Greenwich siku alipoitwa kukamatwa, tarehe 2 Mei 1536, mumewe Henry wa Nane akiwa ameshaamua kumwondoa duniani.

Lakini mchezaji wa kwanza wa kike tunayemjua kwa jina hakuwa wa kasri lolote. Mwaka 1427 mkazi mmoja wa Paris aliyekuwa akiandika shajara, jina lake halikuhifadhiwa, alisimulia juu ya Margot kutoka Hainaut, mwanamke wa miaka 28 au 30, aliyekuja mjini akacheza mpira wa kiganja vizuri kuliko wanaume wengi. Alipiga kwa kiganja na kwa nyuma ya mkono, kwa nguvu, kwa ujanja, na wanaume waliomshinda walikuwa wale mabingwa tu. Mwandishi anataja hata mtaa, Grenier-Saint-Lazare. Wakati huo Paris ilikuwa chini ya Waingereza, njaa na vita kila upande, na bado mtu alitoka nyumbani kwenda kumtazama Margot.

Mwalimu unaandika "mchezo wa wafalme" kana kwamba watu wa kawaida hawakuwepo. Nani aliwahesabu? (Msomaji wa siku nyingi, Bujumbura)

Waliwahesabu wafalme wenyewe, walipowakataza.

Mwaka 1369 Charles wa Tano wa Ufaransa alipiga marufuku michezo kibao, mpira wa kiganja ukiwemo, akitaka raia wafanye mazoezi ya upinde. Mwaka 1397 wakuu wa Paris walikataza mafundi kucheza siku za kazi, kwa kuwa walikuwa wanaacha kazi na familia zao. Uingereza, sheria ya mwaka 1541 iliwafungia mafundi, vibarua, watumishi na wanagenzi tenisi na michezo mingine kadhaa, isipokuwa wakati wa Krismasi. Mfalme aliyetia saini? Henry wa Nane, aliyekuwa na kumbi zake, aliyesifiwa na balozi wa Venice kwamba kumwona akicheza ni kitu kizuri kuliko vyote, ngozi yake nyeupe iking'aa kupitia shati jepesi. Na aliyewahi kuliwa pesa nyingi ujanani na Wafaransa na Walombardi wajanja walioletwa kucheza naye kamari, mpaka akashtuka.

Mtu hakatazi kitu kisichofanyika. Kila sheria ya namna hii ni picha ya watu wa chini wakicheza uchochoroni. Kufikia mwaka 1596 msafiri wa Kiitaliano alisema Paris ina kumbi 250. Wafalme wa kuzijaza zote hizo wangetoka wapi? Watengenezaji wa mipira na raketi walikuwa na chama chao, na Charles wa Tisa aliwapa kanuni zao mwaka 1571. Mwaka uliofuata, tarehe 22 Agosti, Charles huyo alikuwa anacheza tenisi alipoletewa habari kwamba Amiri Coligny, kiongozi wa Waprotestanti, amepigwa risasi. Akaitupa raketi kwa hasira, akiuliza kama hatapata amani kamwe. Siku 2 baadaye mauaji ya Waprotestanti, yanayoitwa ya Mtakatifu Bartholomayo, yakaanza.

Ila nikubali kwamba ndani ya kumbi za wakubwa cheo kilikuwa kila kitu, na ndipo walipoaibishana vizuri. Mwaka 1565 Robert Dudley, kipenzi cha Malkia Elizabeth, alikuwa anacheza na Duke wa Norfolk mbele yake. Dudley, ametota jasho, akanyoosha mkono akachukua leso mkononi mwa malkia, akajifuta uso. Norfolk akaapa atampiga raketi ya uso. Malkia akamkasirikia nani? Norfolk. Mwaka 1579 Earl wa Oxford alimkuta Philip Sidney, mshairi, akicheza, akamwamuru atoke uwanjani. Sidney akakataa. Oxford akamwita kijibwa. Sidney akamjibu kwamba dunia nzima inajua mbwa huzaa mbwa na watu huzaa watu. Walitaka kupigana kwa panga. Malkia akazuia, na akamkumbusha Sidney tofauti kati ya earl na bwana wa kawaida.

Rome mambo yalifika mbali zaidi. Mei 1606, mchoraji Caravaggio alimuua Ranuccio Tomassoni karibu na uwanja wa tenisi, akakimbia mji, hakurudi tena.

Huo mchezo wa zamani ulikufaje, na wa nyasi ulitoka wapi? (Msomaji, Muscat)

Haukufa, ulinyong'onyea. Karne ya 17 kumbi nyingi za Paris zilipata kazi nyingine. Zilikuwa ndefu, zina paa, zinafaa kwa tamthilia, na kundi la kwanza la Molière, mwandishi wa tamthilia, lilianza katika mojawapo. Versailles, penye kasri la mfalme karibu na Paris, ulijengwa ukumbi mwaka 1686, na ni humo, tarehe 20 Juni 1789, wajumbe wa wananchi waliokuta mlango wa mkutano wao umefungwa walijibanza wakaapa kutotawanyika mpaka Ufaransa ipate katiba. Mmoja tu, Joseph Martin-Dauch, alikataa. Baada ya hapo yakaja Mapinduzi ya Ufaransa, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuonekana akicheza mchezo wa makabaila.

Wa nyasi ulisubiri vitu viwili: mashine ya kukatia nyasi, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1830, na raba iliyopikwa ikawa imara, miaka ya 1840. Mpira wa manyoya haudundi juu ya nyasi. Wa raba unadunda. Mwaka 1874 Meja Walter Wingfield alichukua hataza ya mchezo wake wa bustanini, akauza sanduku lenye wavu, nguzo, raketi na mipira. Kiwanja chake kilikuwa chembamba katikati kama mtu aliyejifunga mkanda, na alihesabu pointi mpaka 15 tu. Miaka 3 baadaye klabu ya Wimbledon ilipoandaa mashindano yake ya kwanza, kamati ilikinyoosha kiwanja kikawa mstatili, na kwenye hesabu ikarudi kwa wazee: 15, 30, 40. Mmoja wa wanakamati, Julian Marshall, alikuwa mpenzi mkubwa wa tenisi ya kumbini na akaiandikia historia yake. Wachezaji 22, bingwa Spencer Gore. Gore huyo baadaye aliandika kwamba mtu aliyezoea kriketi au tenisi ya kale hawezi kuupa moyo wake huu mchezo mpya, utamchosha kabla hajaufahamu.

Tenisi ya kale ilichezwa katika Olimpiki ya London mwaka 1908, Mmarekani Jay Gould akashinda. Leo kumbi zake zinazotumika ni kama 50 hivi duniani, katika Uingereza, Ufaransa, Marekani na Australia. Ukipita Scotland, nenda Falkland: kiwanja cha James wa Tano cha mwaka 1539 bado kipo, hakina paa, kwa hiyo uliza hali ya hewa kabla ya kuondoka.